Wawindaji wa Freetown: Shajara ya Mwisho wa Mwaka

22 Desemba, Lungi

Uwanja wa ndege wa Freetown, mji mkuu wa Sierra Leone, uko ng'ambo ya maji. Ndege ilitua Lungi jua likizama, tukapakiwa kwenye boti pamoja na mabegi yetu, na taa za mji zikawa zinasogea taratibu kutoka milimani. Abiria wengi walikuwa Wasierra Leone wa London na Marekani, wanarudi nyumbani kwa Krismasi. Mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu yangu aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia: vinyago vya wawindaji, tarehe 26. Akapiga makofi. "Odeh! Basi mwanangu, Krismasi ulale mapema. Watakuamsha."

Odeh ni chama cha wawindaji. Asili yake ni kwa Wayoruba wa Naijeria, lakini kimekaa Freetown karibu karne mbili na kimekuwa cha hapa.

23 Desemba, Jumanne, katikati ya mji

Msufi mkubwa uliokuwa nembo ya Freetown haupo tena. Dhoruba iliuangusha usiku wa tarehe 24 Mei 2023. Watu bado hutumia jina lake wakikuelekeza njia: shuka kwenye msufi, pinda kwenye msufi. Hapo jirani ndipo lilipo jumba la Makumbusho ya Taifa, lililofunguliwa mwaka 1957 katika jengo lililokuwa kituo cha simu. Ndani kuna vinyago vyeusi vya sowei vya chama cha wanawake, shingo zao zimejaa mikunjo na nyuso zimetulia, na sanamu ndogo za mawe ziitwazo nomoli. Kuna pia vitu vya Bai Bureh, mkuu wa Watemne aliyewapiga vita Waingereza mwaka 1898 kwa sababu ya kodi ya nyumba.

Nilikaa sana kwenye ronko. Ni shati pana la pamba iliyofumwa kwa mkono, lililotiwa rangi ya kutu, na ni vazi la wawindaji na wapiganaji wa nchi hii. Hirizi hushonwa humo: vifuko vya ngozi, pembe ndogo, kauri. Anayelivaa anaingia porini akiwa amekingwa. Wakati wa vita vya 1991 hadi 2002, wawindaji wa Kimende waitwao kamajoi waligeuzwa jeshi la kulinda vijiji, na mavazi kama haya yakaonekana kwenye vizuizi vya barabarani. Walilinda wengi, na baadhi yao walitenda maovu ambayo Mahakama Maalumu ya Sierra Leone iliyasikiliza. Nadhani mgeni anayekuja kutazama ngoma anapaswa kuijua habari hiyo kabla ya kuinua simu apige picha.

Mchana niliteremka hadi hospitali ya Connaught kuliona lango la zamani la King's Yard. Baada ya mwaka 1808, jeshi la maji la Uingereza lilipozikamata meli za watumwa baharini, watu waliletwa hapa Freetown, wakaingizwa uani, wakaandikwa. Madaftari hayo yamehifadhiwa hadi leo: jina, jinsia, umri, kimo, chale za usoni. Makumi ya elfu ya watu walipita namna hiyo, wakagawiwa vijiji vya kandokando ya mji, na miongoni mwao Wayoruba walikuwa wengi mno. Mmoja wao alikuwa kijana Ajayi, aliyeshushwa mwaka 1822, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Askofu Samuel Crowther.

Wengine hawakuwa maaskofu. Walikuwa wawindaji. Hawakufika na bunduki wala ngozi wala kibuyu. Walifika na nyimbo, na ujuzi wa kuingia msituni, na heshima yao kwa Ogun, mungu wa Kiyoruba mwenye chuma. Safari yangu yote imetoka hapo.

24 Desemba, mashariki ya mji

Mwenyeji wangu, mwalimu wa historia, alinipeleka kwa fundi wa vinyago. Karakana yake ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mbao, zile nyumba za Wakrio, wazao wa watumwa waliokombolewa, zenye orofa moja na madirisha ya kusukuma. Kichwa cha debul kilikuwa kwenye meza, kimebakiza siku moja tu. Debul ndivyo watu wanavyokiita kinyago kamili, yaani kichwa na vazi na roho inayokuja navyo.

Kichwa kimechongwa kwa mti mwepesi: uso wa paa mwenye pembe, chini yake uso mwingine wenye meno. Fundi alikuwa anapachika miiba ya nungunungu. Aliitandaza kwenye gunia kwa urefu wake, mifupi kushoto, mirefu kulia. Anatoboa tundu kwa msumari uliotiwa moto, moshi unatoka, anachovya kitako cha mwiba kwenye gundi, anausukuma huku anauzungusha kwa vidole viwili, kisha anauacha. Halafu wa pili, ukigusana na wa kwanza. Mistari myeusi na myeupe ya miiba lazima ikutane ili kichwa kikitikisika ile mistari ionekane inakimbia. Mwiba mmoja ulikaa upande, akaung'oa na kuanza upya. Nilipouliza kama kuna mtu atakayeliona kosa hilo katikati ya umati, alinijibu bila kuinua macho: "Wazee wataliona."

Vazi la mwili lilitundikwa ukutani: gunia lililoshonewa kitambaa chekundu, vibuyu vidogo, magamba ya konokono, gamba la kobe, na vioo vya duara kifuani. Mahali pa macho pana wavu mweusi. Kijana mmoja anayejifunza kwake alikuwa akishona kauri, na kila baada ya muda akafungua daftari la shule na kusoma kitu kwa midomo tu. Nyimbo, aliniambia. Anaandika maneno anayopewa na mzee wa chama, kwa sababu ni ya Kiyoruba cha zamani na yeye hakuzaliwa nayo. Kesho kutwa ndiye atakayepiga agogo, ile kengele ya chuma.

Sanaa hii ina majina makubwa. John Goba aliifanya miiba ya nungunungu ijulikane hadi kwenye majumba ya sanaa ya Ulaya. Sheku Fofanah, ambaye mji wote unamwita Goldenfinger, bado yuko kazini, na Aprili 2025 Jumba la Sanaa la New Orleans, Marekani, lilifungua maonyesho yenye kazi zake pamoja na za mafundi wa Naijeria, Burkina Faso na Kamerun. Nimefurahi kwamba majina ya mafundi hawa yameandikwa ukutani huko. Kwa miaka mingi makumbusho ya Ulaya yaliweka vinyago vya Afrika vikiwa na jina la kabila na jina la aliyevinunua, basi.

25 Desemba

Kanisani, kisha chakula: wali wa jollof, kuku, na bia ya tangawizi inayochemshwa nyumbani, kali hadi puani. Vumbi la harmattan, upepo mkavu wa jangwani, limeficha vilele vya milima. Nimelala mapema.

26 Desemba, Ijumaa

Walituamsha kweli. Sauti ya agogo ilianza kabla ya jua, milio miwili mifupi na mmoja mrefu, ikipenya hadi chumbani. Nilipofika uchochoroni kwa chama nilikuta watu wamekwisha kujaa, lakini mlango wa uani umefungwa kwa makuti mabichi. Aliyeingizwa chamani anaingia, mwingine anangoja. Kilichofanyika ndani sikukiona na sikuuliza. Nilisikia sauti ya mzee ikitaja majina mengi mfululizo, na baada ya kila jina wanaume wakiitikia kwa pamoja.

Makuti yakafunuliwa. Wa kwanza kutoka alikuwa mganga wa chama, mtu mwembamba mwenye chupa iliyofungwa kamba nyekundu na tawi la majani. Ananyunyizia njia kulia na kushoto, ndimu zimening'inia shingoni mwake. Kazi yake ni kuondoa chochote kilichotegwa na wenye husuda, na hakuna mtu aliyemcheka. Nyuma yake wawindaji wakatoka wameinama, ronko zimewakaa mwilini, bunduki za mbao mikononi, chache za kweli na za kale. Hawakuwa wanatembea kwa kufuata ngoma. Walikuwa wananyemelea. Mmoja anasimama, anainua kiganja, wote wanaganda. Lami iko chini yao, nyaya za umeme juu, pikipiki za okada zinapiga honi mwisho wa barabara, nao wanasikiliza kichaka.

Kisha debul. Kilikuja chini chini, magoti yamekunjwa, kichwa kikigeuka taratibu upande huu na huu. Hakuna ngozi ya mtu iliyoonekana: glavu mikononi, soksi miguuni, wavu usoni. Miiba ya fundi ilifanya ile kazi aliyoitaka. Kila kichwa kilipotikisika, mistari ilikimbia kutoka mbele kwenda nyuma na umma ukapiga ukelele. Ghafla kiligeuka, kikaruka hatua mbili kuelekea kwetu, na watu wote wa upande wetu, watu wazima na heshima zao, tukatimua mbio. Watoto ndio waliokuwa wa mwisho kukimbia.

Nilichokielewa kwa kutazama saa nyingi ni hiki. Mwili wa debul umevaa kama mwindaji: gunia, kibuyu cha dawa, hirizi, kauri. Kichwa ni mnyama. Mwindaji na windo lake wamo katika mwili mmoja. Mchezo wote umejengwa juu ya hilo. Kiongozi wa wawindaji anakisogelea, analenga, anaita kwa wimbo. Kinakaidi, kinanguruma, kinageuza mgongo. Anaimba tena, sasa kwa upole, akitaja baba zake. Ndipo kinapoinama mbele yake hadi vibuyu vinagusa ardhi. Bunduki haikufyatuka hata mara moja, na umati ulijua haitafyatuka. Mnyama anatulizwa na anayejua kumwita.

Walisimama kwenye nyumba za wanachama waliofariki. Mjane anatoka na sahani ya kola (zile kokwa chungu za kutafuna), chupa na noti mbili tatu, debul inakaa chini, wimbo unaimbwa hadi mwisho, ndipo msafara unasogea. Walisimama pia mbele ya kituo cha polisi, kwa kuwa chama hutembea kwa kibali, na kibali kina mipaka ya barabara na saa. Mami kwini, kiongozi wa wanawake wa chama, alitangulia na leso nyeupe kumsalimu mkuu wa kituo.

Adhuhuri agogo ikanyamaza. Debul liliingizwa kwenye uwanja wa nyumba moja likafunikwa shuka, wanaume wakajipanga bombani, wakatawadha, wakaenda kuswali Ijumaa. Wanachama wengi hapa ni Waislamu, Waoku wa Fourah Bay na Foulah Town, wajukuu wa Wayoruba walewale wa King's Yard. Wakrio Wakristo walibaki kivulini wanalinda vazi. Swala ilipokwisha kengele ililia tena kutoka pale ilipoachia. Kwa mtu wa pwani yetu ya Mombasa, aliyekulia katikati ya mabishano ya maulidi na ngoma, tukio hilo peke yake lilitosha kuwa safari. Mabishano na hapa yapo. Maimamu na wachungaji wengine wamekikataza chama tangu zamani. Watu wamekuwa wakisikiliza, kisha wakaendelea.

Jioni zikafuata vikundi vya vijana, vinavyoitwa Ode-lay. Firestone na Paddle ni vyenye sifa kubwa. Hivi vilichipuka mjini kutoka kwa wawindaji, vikachukua vazi la kutisha la magunia na pembe, na pia vikabuni vazi lingine la kupendeza lenye shanga, lesi na rangi za kuwaka. Nyuma yao ngoma za milo jazz, ule muziki wa mitaani aliousambaza Dr. Oloh, ambamo kopo la Milo lililotiwa changarawe ndilo kayamba. Kelele, jasho, matawi ya miti hewani. Nilirudi saa nne nikiwa sina sauti.

27 Desemba, Jumamosi

Jumamosi ni siku ya fufu katika nyumba za Wakrio, na mzee wa chama alinialika. Ndiye aliyekuwa akitaja majina nyuma ya makuti. Wote wanamwita Pa, nami nikamwita hivyo hivyo. Fufu ya muhogo uliochachushwa, mchuzi wa majani machungu na samaki wa kukaushwa. Tulikula kwanza, maneno baadaye.

Nilimweleza kuhusu kwetu Kisauni, Mombasa. Huko nako kulikuwa na watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mwaka 1875 Church Missionary Society, jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana, ilianzisha kijiji chao, Frere Town, na mnara wa kengele bado uko pale Kengeleni. Jumuiya hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha Fourah Bay College hapa Freetown mwaka 1827, ambako Crowther alikuwa mwanafunzi wa kwanza. Nilimwambia Pa kwamba kwetu vizazi vya waliokombolewa vimebaki na kanisa, majina ya ubatizo na ile kengele, lakini kinyago cha babu zao sijawahi kukiona Kisauni. Wamakonde wa kusini wana mapiko, vinyago vyao vya ngoma, hadi leo kwa sababu wako kwenye ardhi yao. Na watu wa chama chake, hapa Freetown, walihifadhi vipi vyao?

Alifikiri kwanza. "Tulikuwa wengi, na tulisikilizana," alisema. Nadhani ni kweli. Frere Town ilipokea mamia, wa lugha mbalimbali, Wayao na Wamakua na watu wa Nyasa, chini ya jicho la mmisionari mmoja. Freetown ilipokea Wayoruba meli baada ya meli kwa zaidi ya miaka 30, na kila meli ilileta mtu anayejua ubeti mwingine. Kisha akaongeza jambo nililolisoma ila sikulipima uzito wake: meli za watumwa zilizokamatwa zilipigwa mnada hapa bandarini, na Waaku, yaani Wayoruba waliokombolewa, wenye fedha wakazinunua. Kuanzia mwaka 1839 wakazitumia kurudi Badagry, kufanya biashara na kutafuta jamaa. Yaani chombo kilichokusudiwa kuwapeleka utumwani ndicho kilichowarudisha nyumbani kwao, na kwa njia hiyohiyo kola, nguo na habari za chama zikavuka bahari kuja Freetown.

Na kuna sababu ya tatu, hii ni yangu. Chama kilikuwa na kazi. Mtu aliyeshushwa peke yake, hana baba wala mjomba, akiugua nani atamlisha, akifa nani atamzika? Chama kilikuwa ukoo. Hadi leo ada ya wanachama huzika wafu, na jamaa hupika awujoh, karamu ya wahenga, ambamo kunde na ndizi za kukaanga hutiwa shimoni kwa ajili ya waliotangulia kabla walio hai hawajala. Vyama vya ngoma ya beni vya Mombasa ya zamani, Kingi na Skochi, na vyeo vyao vya kijeshi na mashindano yao, vilifanya kitu cha karibu na hiki. Tuliviacha vikafa, na hatuna hata kumbukumbu nzuri ya nyimbo zake. Hilo linaniuma.

29 Desemba, Regent na Hastings

Asubuhi tulipanda Regent, kijiji cha waliokombolewa kilichokaa mlimani. Upande wa pili bado linaonekana kovu la tarehe 14 Agosti 2017, mlima ulipoporomoka alfajiri baada ya mvua ya siku kadhaa na watu zaidi ya 1,000 wakafa au kupotea. Miti ilikuwa imekatwa, nyumba zimejengwa hadi juu. Msitu wa rasi hii umetajwa kuwa hifadhi tangu mwaka 1916, lakini kutoka hapa unaona mapaa ya bati yakipanda mwaka hadi mwaka.

Hastings, chini huko barabara ya kwenda Waterloo, nilikutana na mwindaji wa kweli, mtu wa miaka 60 hivi na gobori la baba yake. Alinionyesha njia anayoingilia. Zamani, alisema, paa mdogo, fritambo kwa Kikrio, alipatikana nyuma ya makaburi. Sasa anatembea nusu siku, na mara nyingi anarudi na ndezi tu. Miiba ya nungunungu anayowauzia mafundi wa mjini imepanda bei. Mafundi wengine wameanza kukata plastiki wakaipaka mistari.

"Ukiona kichwa cha debul," aliniambia, "unamwona mnyama ambaye mtoto wako hatamwona." Aliongeza kwamba kijijini kwao chama kina miiko: jike lenye mimba haliuliwi, na kuna maeneo hayaingiwi kabisa. Serikali na mashirika yanayolinda msitu wangefanya vyema kukaa na wazee hawa kabla ya kuchora ramani nyingine. Hakuna anayeujua msitu huu kwa miguu kuwashinda.

1 Januari

Wametoka tena, na leo nilimwona debul mwingine. Kwenye njia panda nyembamba karibu na Mountain Cut msafara wetu ulikutana uso kwa uso na chama kingine cha wawindaji kikipanda kutoka baharini. Ngoma za pande zote zikakoleza. Vijana wa mbele walianza kusukumana, chupa moja ikavunjika. Vinyago viwili vikasimama vikitazamana, kila kimoja kimeshikwa kiuno na walinzi wake.

Pa akatoka. Hana fimbo, hana haraka. Upande wa pili mzee wa rika lake akatoka naye. Wakasalimiana kwa nyimbo, ubeti kwa ubeti, kila mmoja akiutaja ukoo wa chama chake, na ikawa wazi kwa kila mwenye sikio kwamba chama kile ni kikongwe kuliko chetu. Pa akapasua kola, akarusha vipande chini, wakainama wote wawili kuvisoma. Akanyanyua mkono. Msafara wetu ulibana ukutani, debul wetu akakaa chini, na wale wakapita, kinyago chao kikipunguza mwendo mbele ya chetu na kuinamisha pembe. Vijana waliotaka kupigana dakika tano nyuma walikuwa wanapiga makofi.

Kwenye zile beti Pa alisahau mstari mmoja. Kijana wa agogo, aliyekuwa nyuma yake, aliupokea na kuusema kwa sauti, bila daftari, na mzee wa upande wa pili akatikisa kichwa kumkubali. Jioni Pa aliniambia Jumatatu ya Pasaka watatoka tena, na kijana huyo ndiye atakayeongoza nyimbo.